Msiisingizie bahari

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka 11 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Habari ya juma lililopita, ya yule dada wa Kampala aliyetolewa majini Unguja akiwa hajitambui, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anasema alikumbwa na "mkondo wa ghafla". Maji ya pwani hujaa na kupwa kwa zamu ya saa sita na dakika chache, na nahodha yeyote wa kule anajua leo yatageuka wakati gani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji hayo hutoka kwa kujibana kwenye milango ya mwamba, yale mapengo yanayopitisha maji. Nusu yake hupita katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kutoka. Anayemshusha mgeni kando ya mlango wakati huo ameamua mwenyewe. Andikeni hivyo.

Lakini hata mkondo sidhani ndio chanzo, kwa sababu picha mliyochapisha inasema jambo jingine. Itazame tena. Dada amevaa miwani ya kuzamia, na nywele zake za kusuka, nyuzi mbili au tatu, zimepita chini ya ukingo wa mpira upande wa kushoto. Uzi mmoja tu unatosha kuingiza maji. Mkanda nao umekazwa hadi umechora mashavu, kosa ambalo karibu kila mgeni hufundishwa na wenye mashua: ukikaza sana, mpira hukunjamana na kuvuja zaidi. Miwani hupimwa bila mkanda. Iweke usoni, rudisha nywele zote nyuma, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imenata, inakufaa. Ikianguka, chukua nyingine. Mwenye ndevu au masharubu ajue mpira hautashika vizuri. Maji yakifika puani mtu huvuta pumzi kwa pua bila kukusudia, hupaliwa, huinua kichwa, mwili husimama wima, mdomo wa mrija wa kupumulia huzama, na pumzi inayofuata ni maji matupu. Hayo hutokea hata pale bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani! Na dawa yake ni ya kujifunza kwa dakika tano katika maji ya kiunoni: bana ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, inua kidevu, toa pumzi kwa pua, maji yatatoka chini. Mrija ukiingia maji, pulia kwa nguvu mara moja kama unayetema, kisha vuta pumzi ya kwanza polepole. Nani alimwonyesha dada yetu hayo?

Desemba iliyopita nilikuwa na wanafunzi wangu kwenye mashua ya kukodi huko huko, jina lake naliacha. Katika mirija iliyotolewa, mmoja ulikuwa umetafunwa mdomoni, kipande kimoja cha kung'ata kwa meno kimekatika kabisa. Mtu akiuma mrija wa namna hiyo midomo haifungi, hunywa hewa na maji pamoja, taya huchoka. Nilipouonyesha niliambiwa "ni wa kuangalia samaki tu, si wa kuzamia". Mwanafunzi aliyekuwa ameupewa alibaki mashuani, nami nikalaumiwa kwa kumharibia sikukuu.

Waganda tunaambiwa hatuijui bahari. Mwili huelea vizuri zaidi kwenye maji ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, kuliko kwenye Ziwa Victoria au bwawa la hoteli. Aliyejifunza kuelea hapa Entebbe ataelea Unguja. Kinachomwangusha ni kifaa kibovu na haraka ya mwenye mashua.

Mmeandika pia kwamba "alikuwa na jaketi la kujiokolea", kana kwamba hilo linamaliza maneno. Jaketi gani? Haya tunayoyaona hata kwenye mitumbwi yetu ya ziwani hukaliwa kama mito hadi sponji imelala, na mikanda imefungwa kwa kamba ya nailoni. Novemba 2018 watu zaidi ya 30 walikufa chombo cha starehe kilipozama karibu na Mukono, na bado abiria anapewa jaketi bila kupimwa. Mvishe, funga mikanda yote, mshike mabegani mwa jaketi ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, majini litamtoka.

Ninachotaka ni hiki. Kila wakala wa safari Kampala anayeuza likizo ya kisiwani aweke ofisini beseni la lita 20 lenye maji safi, miwani ya saizi tatu na mirija yenye mdomo mpya. Kabla risiti haijaandikwa, mteja avae, ainamishe uso majini na kupumua kwa mrija dakika tatu kamili. Kisha amiminiwe kikombe cha maji ndani ya mrija autoe mwenyewe, mara tatu. Akishindwa, auziwe kwanza masomo mawili ya bwawani, na tarehe ya safari isogezwe.

Mwalimu wa kuogelea,
Entebbe