Kinga Iliyonigeukia

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliposikia kwamba daktari amenikuta na ugonjwa wa Graves, umenisihi niache ARV, dawa zangu za kudhibiti VVU, na umeniuliza mara mbili swali lile lile: ikiwa VVU huidhoofisha kinga ya mwili, kinga hiyo imepata wapi nguvu za kuishambulia tezi ya thairoidi shingoni mwangu? Nimelitafutia jibu kwa bidii, kwa kuwa sikutaka udhani kwamba dawa zangu zimeshindwa kazi.

Kinga huhitaji nguvu, lakini huhitaji pia nidhamu, na VVU huviharibu vyote viwili. Seli za CD4, ambazo virusi hivyo huziingia na kuziua, ndizo zinazoziongoza seli nyingine za kinga, na miongoni mwao zimo zile ambazo kazi yake ni kutuliza, yaani kuzizuia nyingine zisiudhuru mwili wenyewe. Katika wiki za mwanzo za maambukizi, CD4 zilizo kwenye utando wa utumbo huangamizwa kwa wingi; baadaye utando huo huanza kuvuja, vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga hukaa katika hali ya vita isiyokwisha. Seli B, aina nyingine ya seli za kinga, nazo hutengeneza kupita kiasi kingamwili, yaani protini za kuwashika wavamizi, na baadhi ya kingamwili hizo huulenga mwili wa mgonjwa. Wapo watu ambao dalili yao ya kwanza ya VVU ilikuwa kupungukiwa na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa sababu kingamwili zao zilizinata chembe hizo na wengu ukaziondoa.

Kwangu mimi mambo yalikuja kwa njia nyingine, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Nilipoanza ARV, CD4 zangu zilikuwa chini ya 200 kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu, kiwango cha chini sana. Kisha zikapanda, nami nikashukuru. Kinga inapojengwa upya kutoka chini namna hiyo, seli mpya huzaliwa kabla ulinzi wa kuzichuja haujatengemaa, na chache zinazoitambua thairoidi kama adui huweza kuponyoka. Ndiyo sababu Graves ya namna hii huchelewa, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza dawa, wakati vipimo vya virusi vinapendeza. Kingamwili hukishika kipokezi cha tezi, yaani sehemu inayopokea amri ya kutengeneza homoni, na kuilazimisha tezi kumwaga homoni bila kikomo. Ule moyo wangu uliokuwa ukienda mbio na mikono iliyotetemeka, ambavyo mimi nilivihesabu kuwa uchovu, vilitokana na hilo.

Kwa hiyo usinisihi tena niache ARV. Nikiziacha, virusi vitarudi kuziua CD4. Daktari ameniongezea dawa ya kupunguza homoni za thairoidi, na damu yangu itapimwa tena mwezi ujao; majibu nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Akupendaye,
Mama yako