Bosi Akifungua Semina na Kuondoka, Hatuendelei

Malalamiko yamerudi tena, safari hii kutoka kwa ofisa utumishi wa kampuni ya usambazaji: "Tumelipia semina ya uongozi, nyie mkaja kutuigizisha." Alitaka tupunguze nusu ya ankara. Hatukupunguza.

Sisi tunaendesha semina za uongozi kwa kuwaigizisha washiriki. Tunafundishia Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Mwalimu Nyerere, tafsiri iliyotoka mara ya kwanza 1963. Hatuchezi wote. Kipande tunachokitegemea zaidi ni kile cha baada ya Caesar, mtawala wa Roma, kuuawa na kundi la Brutus na Cassius. Antony, rafiki wa Caesar, anaomba kuzungumza mazishini, Brutus anakubali papo hapo. Cassius anamvuta pembeni: usimruhusu, hujui atawageuza watu kiasi gani. Brutus anamjibu kwamba yeye ndiye atakayetangulia kusema, basi hakuna neno. Anahutubia kweli, kisha anamwachia Antony umati na kuondoka zake. Hotuba ya Antony haijapoa, watu wanakimbilia kuchoma nyumba za waliomuua Caesar, na Brutus ameshatoroka Roma. Si mtu mbaya. Ana uhakika na nia yake njema kiasi kwamba onyo la mwenzake halimwingii.

Sasa, bosi tunampa nafasi ya Cassius. Brutus anakuwa mtu wa chini yake. Meneja mmoja wa tawi alikatizwa na mtunza stoo wake kama karatasi ya mchezo ilivyoagiza. Akarudia, akakatizwa tena. Akaweka karatasi mezani: "Lile la mzigo kupungua, uliwahi kuniambia?" Akajibiwa, "Nilikwambia, bosi. Ulikuwa kwenye simu."

Slaidi haziwezi kukuletea jibu hilo. Wapo waliochukua slaidi zetu kwa rafiki, wakasomeana saa moja, wakala chakula, wakapiga picha. Walipotuita, wasimamizi wao wazuri walishaacha kazi na waliobaki hawakutaka kufungua mdomo. Kazi ya namna hiyo ni ndefu, na bei yake hupanda.

Bei yetu ina mambo mengi msiyoyaona ukumbini. Kabla ya semina tunazungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, bosi hayupo, majina hayatoki. Kipande tunakichagua kutokana na tuliyoyasikia. Wawezeshaji huja wawili, mmoja kazi yake ni kutazama nyuso tu. Baada ya mwezi tunarudi, bila malipo ya ziada.

Kwa hiyo ukituomba bei, swali letu la kwanza ni kama bosi atakaa hadi mwisho. Akiwa na kikao saa nne, tunasogeza tarehe.