Haidrojeni: kazi iko kwenye tangi

Mhariri,

Kila ninaposikia kwamba injini za haidrojeni zitasafisha usafiri wa ndege, hukumbuka chupa. Nilipokuwa fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, kila alfajiri kabla ya abiria kufika tulikinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa, tukainua chupa kwenye mwanga. Tone la maji likionekana limetulia chini, ndege haiondoki. Leo naambiwa inakuja injini ya haidrojeni, itakayotoa mvuke wa maji kwa nyuma. Haya, sibishi.

Injini si ndoto. Wasovieti walirusha Tupolev Tu-155 mwaka 1988, injini yake moja ikila haidrojeni. Novemba 2022 watengeneza injini Rolls-Royce na shirika la ndege easyJet waliwasha injini ya AE 2100 kwa gesi hiyohiyo huko Uingereza, ingawa ilikuwa bado chini. Kinachosumbua ni tangi. Kilo ya haidrojeni ina nishati karibu mara 3 ya kilo ya mafuta ya ndege, lakini hata ikipozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri iwe kimiminika, inadai nafasi mara 4 kwa nishati ileile. Bawa haliwezi kulibeba tangi la namna hiyo. Litaingia ndani, palipo na viti. Mwambie mwenye ndege ndogo ya Wilson aondoe viti vinne, au magunia ya miraa, uone uso wake! Sikushangaa watengeneza ndege Airbus, waliolenga kuleta ndege ya haidrojeni mwaka 2035, walipoisogeza tarehe hiyo mbele mwaka 2025.

Halafu haidrojeni nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo moshi unahama tu, unatoka uwanjani unaenda kiwandani. Sisi tuna mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha umeme, na umeme huo unaweza kutoa haidrojeni kwenye maji. Mkakati wa haidrojeni wa serikali wa 2023 umetanguliza kuitumia kutengeneza mbolea, nami naunga mkono. Ila kiwanda cha mbolea ya namna hiyo kitataka watu wanaojua kuishika gesi isiyo na rangi wala harufu, inayopenya kila ufa, na ambayo mwali wake mchana hauonekani. Vyuo vyetu vya ufundi wa ndege vipeleke vijana huko mapema.

Mimi injini za turbini nilijifunza usiku, kwa mwongozo wa kuazima, ndege yenyewe imeshatua na rubani anauliza itakuwa tayari saa ngapi.

Fundi mstaafu,
Lang'ata, Nairobi