Risala ya Wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa Mgeni Rasmi, Sherehe ya Mei, Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, Marekani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dada yetu uliyetutangulia chuoni hapa, walimu wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Karibu sana nyumbani. Kwetu sisi Mei Mosi ni sikukuu ya wafanyakazi. Tulipofika hapa tukakuta magauni meupe, stroberi na krimu asubuhi, na ngoma ya kuzunguka mlingoti wenye riboni. Tukataka kujua chanzo chake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Chuo hiki cha wanawake kilifunguliwa mwaka 1885. Kufikia mwaka 1900 wanafunzi walitaka jengo lao wenyewe, na fedha hazikuwapo. Mhitimu mmoja, Evangeline Walker Andrews, akatoa wazo: liandaliwe tamasha la Mei kwa mtindo wa Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, watu walipe kiingilio. Maksai wakavuta mlingoti hadi uwanjani. Robin Hood, yule shujaa wa hadithi za Uingereza, akaigizwa kwenye majani, na hata wahusika wa kiume wakaigizwa na wasichana.

Tamasha hilo kubwa lilirudiwa kwa miaka mingi, mara nyingi kila baada ya minne, hadi 1936. Katika lile la 1928 aliigiza Katharine Hepburn, aliyekuja kuwa nyota wa sinema. Mwaka huohuo jengo lile walilolitaka wanafunzi likafunguliwa hatimaye, likaitwa Goodhart. Waliocheza mwaka 1900 walikuwa wameondoka zamani. Walicheza kwa ajili ya wasichana wasiowajua, na jambo hili linatugusa sana, kwa kuwa nasi tumesomeshwa na michango ya watu tusiowahi kuwaona.

Sherehe ndogo ya kila mwaka ndiyo iliyobaki, na haikubaki vilevile. Wapo walioona mlingoti hauwasemei wanawake, wakaanzisha ngoma yao ya kuzunguka shimo. Zote mbili zinachezwa, nasi tunafurahi kwamba hakuna iliyofukuza nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuna ombi moja. Wahitimu wengi wazee wana picha na simulizi za sherehe hizi majumbani mwao. Tunakuomba uwahimize wazilete kwenye maktaba ya chuo, nasi tutajitolea kuwarekodi wakisimulia kwa sauti zao wenyewe. Tuko tayari kuanza na wewe leo, baada ya ngoma.

Tunaomba kuwasilisha.