Mwanaidi, nisimulie habari za Hemedi

Tanga, Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Makorora. Sisi wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya bibi, na simu zako mbili sikupokea. Usininunie. Kila nikitaka kukupigia, ama Mudi yuko juu ya kabati, ama kuna mama mlangoni kaja na mwanawe analia. Leo wamelala wote. Nimeona nikuandikie, maana haya kwa simu nisingeyamaliza bila kulia.

Wiki iliyopita chekechea waliniita mara ya tatu. Mudi kamng'ata mwenzake shavuni, kisa bembea. Mwalimu akaniambia mbele za watu nimtafutie mtoto shule nyingine. Miaka mitano, Mwanaidi! Nikamshika mkono, tukaenda mpaka nyumbani bila kusemezana, na kufika tu nikachukua mwiko nikampiga. Hasira zilikuwa za yule mwalimu, nikammalizia mtoto. Jioni nachambua mchele, nasikia kilio uani. Natoka, Mudi kashika mwiko uleule, anamtandika mdogo wake Rehema, na anasema, "Nitakukomesha, umezidi!" Maneno yangu yale. Hata sauti ni yangu.

Usiku ule sikulala, nikamkumbuka kaka yako Hemedi. Alivyokuwa akipanda paa la chuo cha Kurani wenzake wakiwa wanasoma, na maalimu akimshusha kwa fimbo. Mimi na wewe na Asha tulikaa chini ya mwarobaini tukimhesabia viboko, tunacheka. Sasa Hemedi ninaye ndani, na wanaocheka ni watoto wa jirani. Sikuwahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba leo, na yeye mfikishie.

Basi Jumatano tukampeleka hospitali, mimi na baba yake. Nilidhani atatolewa damu. Wala. Daktari alikaa anatuuliza tu: anakoroma? Anasikia vizuri? Analala saa ngapi? Kwani kuna watoto hawatulii kwa sababu masikio yana shida au usingizi hauwatoshi. Akauliza yameanza lini, na kama nyumbani na shule ni yaleyale, kwa kuwa hawasemi mtoto ana hali hii mpaka ionekane zaidi ya mahali pamoja na ipite miezi sita. Inaitwa ADHD. Alivyonieleza, ni kama gari lenye injini nzuri na breki legevu: mkono unafika kabla ya wazo. Bado hajasema kwa uhakika kwamba Mudi anayo, ataandika barua kwa mwalimu kwanza. Ila kwa mtoto chini ya miaka sita, anasema, wanaanza kwa kutufundisha sisi wazazi, vidonge si vya kukimbilia. Akasema pia hali hii mara nyingi inatembea katika ukoo. Baba Mudi akainamisha kichwa, na tuliporudi mama mkwe akatuambia mwanawe alihamishwa shule tatu. Miaka yote hiyo hakuna aliyenidokeza!

Mama mkwe mwenyewe anashikilia kuwa ni soda na biskuti. Daktari kasema utafiti haujaonyesha kwamba sukari ndiyo inayoleta haya. Mama Zuhura naye kasema ni jini. Dua namwombea mwanangu kila sala, lakini siwezi kumwacha aitwe mwenye jini na miaka mitano hii.

Nimeanza tulivyoelekezwa. Simwiti tena kwa kelele kutoka jikoni, namfuata, nachuchumaa, namshika bega, namwambia neno moja: "Mudi, viatu." Akivaa namsifu papo hapo, na nataja alichofanya. Kabla ya kumtoa kwenye mchezo namwambia mapema kuwa bado mara mbili tu. Asubuhi baba yake anakwenda naye kiwanjani akakimbie kwanza, ndipo shule. Na nikiona ngumi inajikunja namshika mikono yote miwili, "mikono si ya kupigia," tunakaa mkekani mpaka pumzi itulie. Kazi hii inachosha, shoga, kuliko kufua mashuka ya nyumba nzima. Ijumaa alivunja kioo cha dirisha la Mama Zuhura kwa jiwe. Nimelipa.

Lakini jana, Mwanaidi. Rehema alimnyang'anya gari lake la kopo. Nikamwona Mudi amesimama anatetemeka, kisha akanikimbilia, mikono kainyoosha mbele: "Mama, nishike." Nilimshika mpaka mikono yangu ikafa ganzi.

Ndiyo maana nakuandikia. Siku zile tulikuwa tunaona fimbo tu, ya ndani kwenu siyajui. Mama yako alimfanyaje Hemedi akirudi nyumbani? Alikuwa anampiga na yeye, au ndiye aliyekuwa akimkinga? Nakumbuka alimtoa chuoni ghafla akampeleka Pangani kwa mjomba wenu. Ni huko alikotulia, au ni ule ufundi wa ngalawa uliompa pa kupeleka nguvu zake? Alikuwa na miaka mingapi? Je, anawakumbuka waliomcheka? Na yeye sasa ana wanawe, kuna aliyemfuata?

Naomba unisaidie jambo moja. Muulize kama anaweza kutupokea Ijumaa yoyote mwezi ujao, mimi, Mudi na baba yake. Baba Mudi hasemi, lakini tangu Jumatano ana kitu moyoni, na nadhani kwa Hemedi atakitoa. Hatutalala, tutarudi jioni. Utanijibu lini? Na wewe mguu umepona?

Wako,
Saumu, mama Mudi