Shukrani kwa dada wa chini ya mwembe

Dada yangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Ulinikuta nje ya maktaba nimeinamia daftari la utangulizi wa falsafa, machozi yakinilengalenga, mtihani ni kesho yake. Hukunifafanulia istilahi hata moja. Uliokota kijiti, ukachora mraba mchangani, kila upande futi 2, ukasema: "Nichoree wenye eneo mara mbili ya huu."

Nikarefusha pande hadi 4. Tukahesabu: 16, wakati tulitaka 8. Nikajaribu 3, nikapata 9. Nikanyamaza, na wewe ukaniacha ninyamaze. Kisha ukauliza: je, mstari unaokatiza mraba wa kwanza, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala? Nikaona mwenyewe: mraba wenye upande sawa na mstari huo una eneo la 8!

Baadaye ndipo uliponiambia kwamba Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha Plato kiitwacho "Meno" (ni jina la mtu), alimuuliza kijana mtumwa maswali hayohayo, na kwamba tatizo lenyewe ni hili: kujua ni nini, na kunatoka wapi ikiwa hakuna aliyekuambia jibu?

Siku hizi nafundisha mwaka wa kwanza. Kipindi cha kwanza tunatoka nje, na kijiti mkononi. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.