Barua kwa Juma kuhusu migongano ya protoni

Mwanga, Kigoma
24 Agosti 2025

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, Mama Zuhura anakusalimu wewe na shemeji. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Umeniuliza swali zito na sitaki kulijibu juu juu. Unasema vijana wako wa kidato cha tano wamesikia habari za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, wakataka kujua ina faida gani kugonganisha vitu visivyoonekana, nawe ukawajibu kwamba wenzetu wanazika fedha ardhini wakati maabara yenu haina mizani ya kutosha. Kuhusu mizani, nipo upande wako. Ila jibu lile limewanyima vijana kitu ambacho wewe, mwalimu wa hisabati, ndiye ungeweza kuwapa kuliko mimi wa fizikia.

Habari ya mtambo wao wa kugonganisha protoni nitaipitia haraka, maana ukubwa wake sio unaonivuta. Ni njia ya duara yenye mzingo wa kilometa 27, kama mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva. Protoni huzungushwa humo kwa pande mbili zikipishana, kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga. Sumaku zinazozikunja zimepozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Mahali panne njia hizo mbili hukutanishwa, na hapo ndipo vilipojengwa vigunduzi vikubwa, ATLAS na CMS vikiwemo. Mafungu ya protoni hupishana mpaka mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna kompyuta ya kuyahifadhi yote hayo, kwa hiyo karibu yote hutupwa papo hapo na kubakizwa machache sana yanayostahili kuangaliwa.

Sasa fikiria chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata tungamo. Peter Higgs na wenzake waliibashiri mwaka 1964, ikatangazwa kuonekana tarehe 4 Julai 2012. Nasema "kuonekana", lakini hakuna aliyeiona. Huvunjika mara tu inapozaliwa, na kinachonaswa ni mabaki yake, kwa mfano fotoni mbili, yaani chembe za mwanga. Tena fotoni mbili hutokea kwa sababu nyingine nyingi zisizohusiana na Higgs hata kidogo. Kwa hiyo hakuna tukio moja ambalo mtu anaweza kulinyooshea kidole akasema, hii hapa. Wanachofanya ni kukokotoa, kwa kila jozi ya fotoni, tungamo ya chembe ambayo ingeweza kuizaa, kuchora grafu, kisha kutazama kama kuna mahali mchoro umevimba kuliko ilivyotarajiwa. Hapo ndipo somo lako linapoingia, Juma. Uvimbe ule ni kitu kweli, au ni bahati nasibu ya hesabu?

Wamejiwekea sheria kali. Hawasemi wamegundua mpaka uwezekano wa bahati peke yake kuleta uvimbe wa namna hiyo ushuke hadi kama mmoja katika milioni 3.5. Ni karibu sawa na kurusha shilingi mara 22 mfululizo ikaangukia upande uliouchagua kabla, kila mara. Chini ya hapo wanaita dalili, na dalili haitangazwi kuwa ugunduzi. Zaidi ya hayo, mwaka ule wa 2012 kundi la CMS lilijifumba macho kwa makusudi: walipanga namna yote ya kuchambua data bila kutazama sehemu ya grafu ambapo Higgs ingeweza kuwa, ili tamaa ya kuipata isiwaongoze mkono. Walipofunua, uvimbe ulikuwapo, karibu na giga elektrovolti 125, kipimo wanachopimia tungamo za chembe. ATLAS, kwa kigunduzi chao na watu wao, walikuwa wameukuta palepale.

Kisa kinachonigusa zaidi ni kingine. Desemba 2015 makundi yale mawili yalionyesha uvimbe mpya katika jozi za fotoni, karibu na giga elektrovolti 750. Hakuna nadharia iliyokuwa inautarajia. Wananadharia wakaandika makala kwa mamia kueleza chembe hiyo mpya ni nini. Waliokuwa kwenye vigunduzi wao waliendelea kusema: bado, tukusanye data zaidi. Agosti 2016 wakasimama mbele ya wenzao katika mkutano wa Chicago na data nyingi zaidi. Uvimbe ulikuwa umetoweka. Wakasema hivyo, wazi, grafu mkononi. Watu walioutamani ugunduzi ule kuliko yeyote duniani ndio walioufuta. Mimi nataka wanafunzi wangu waone kazi ya namna hiyo kabla hawajatoka shuleni, kijana awe anaelekea udaktari, uhakimu au biashara ya dagaa.

Ulitaja pia hofu ya vijana kwamba migongano hiyo inaweza kuimeza dunia. Waambie anga imekuwa ikitufanyia majaribio hayo tangu dunia ianze, na kwa nishati kubwa kuliko ya mtambo wowote. Protoni kutoka angani hugonga hewa iliyo juu yetu, na kutoka hapo huzaliwa muoni, ndugu wazito wa elektroni, zinazotushukia usiku na mchana, takriban moja kwa kila sentimeta mraba kwa dakika. Mwanzoni mwa Julai mwaka huu CERN waligonganisha protoni na oksijeni, mara ya kwanza katika mtambo ule, na sababu mojawapo ni kuelewa vizuri mvua hiyo ya chembe. Kinachopimwa kule Geneva, basi, kinatokea pia juu ya paa za Tabora.

Nina ombi. CMS wameweka sehemu ya data zao wazi kwenye intaneti, bure, yeyote achukue. Lipo faili la migongano ya mwaka 2010 iliyotoa muoni mbili, kila mstari tukio moja, pamoja na nishati na mwelekeo wa kila muoni. Vijana wa kidato cha tano wanaweza kukokotoa tungamo kwa jedwali la kompyuta, hata kama kompyuta zinazowaka ni chache. Nimeligawa faili mara mbili, nusu yangu na nusu yako. Wewe na mimi tunajua kwamba karibu na giga elektrovolti 3.1 watakutana na chembe ya J/psi, ile ambayo kundi la Samuel Ting kule Brookhaven na la Burton Richter kule California yaliipata kila moja kivyake, yakaitangaza siku moja, tarehe 11 Novemba 1974. Tunajua pia kuna chembe nyingine, Z, karibu na 91. Usiwaambie. Waache wachore, waone uvimbe wenyewe, wabishane kama ni kitu au ni bahati, na wakokotoe uwezekano wake kabla ya kuupa jina.

Akitokea hata mmoja wa kuipenda kazi hii, njia ipo. Shule ya fizikia ya Afrika iliyoanza mwaka 2010 ilishafanyika hata Kigali, hapa jirani.

Nusu yako imo kwenye flashi. Shangazi yake Zuhura anapanda treni wiki ijayo kuja huko, atakufikishia mkononi pamoja na mafuta ya mawese aliyoyaomba shemeji. Kila shule itie grafu yake kwenye bahasha na kuifunga, halafu tupange siku tuzifungue pamoja kwa simu, vijana wakiwepo. Kabla ya hapo usiniulize wangu wamepata nini, na mimi sitakuuliza.

Wabusu watoto.

Ndugu yako,
Rashidi